Ndugu walio Kenya na kibali cha siri za serikali ya Marekani

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa ni raia wa Marekani. Nimepata kazi kwa mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi, na inahitaji kibali cha usalama. Mama yuko Likoni, namtumia pesa kila mwezi. Kaka yangu ni mwanajeshi wa Kenya. Miaka mitatu iliyopita nilifukuzwa kazi kwa kuzozana na msimamizi. Rafiki anashauri nisimtaje kaka, na niandike kwamba kazi ile niliacha mwenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Dada, ushauri huo ndio utakaokunyima kibali. Kaka yako hajakuharibia kitu bado.

Vigezo vya kuamua nani apewe kibali, vinavyotumika tangu Juni 2017, ni 13, na viwili vinakugusa. Kigezo B kinahusu ushawishi wa kigeni: je, kuna mtu anayeweza kukubana kupitia jamaa zako? Wachunguzi hutazama jamaa ni nani, anafanya kazi gani na yuko nchi gani. Kenya ni mshirika wa Marekani, kwa hiyo mzigo wako si sawa na wa mwenye ndugu Urusi au China, ingawa mashambulizi ya al-Shabaab yatazingatiwa. Kaka ataulizwa zaidi kwa sababu analipwa na serikali ya kigeni. Uzito wa upande wako ni maisha uliyojenga huku: watoto, nyumba, akiba, miaka ya kazi. Pesa za mama zitaje pia, fomu ya kuombea kibali (SF-86) inauliza. Weka kumbukumbu za kutuma.

Kigezo E, mwenendo binafsi, ndicho ninachokuogopea. Kufukuzwa kwa sababu ya ugomvi mmoja kunaelezeka, hasa ikiwa kazi iliyofuata umeifanya vizuri. Lakini fomu inauliza waziwazi juu ya kufukuzwa katika miaka 7 iliyopita, na mchunguzi anaweza kuzungumza na mwajiri wako wa zamani. Ukidanganya kwa makusudi, ugomvi unakuwa jambo dogo. Linalobaki mezani ni kwamba huaminiki. Tena ni kosa la jinai la shirikisho, kifungo chake hufika miaka 5. Kama fomu umeshaituma na uongo ndani, mwone leo ofisa wa usalama wa kampuni uirekebishe. Kujisahihisha kabla hujabanwa kunahesabiwa kwa faida yako. Baada ya kubanwa, thamani yake hushuka sana.

Wakikusudia kukunyima, utaletewa barua yenye sababu. Mfanyakazi wa mkandarasi ana siku 20 za kujibu kwa maandishi, na anaweza kuomba kusikilizwa na hakimu. Usiichezee barua hiyo, tafuta wakili. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1988 kwamba hakuna mwenye haki ya kupewa kibali, na shaka ikibaki, inaamuliwa kwa upande wa usalama wa taifa.

Kwa sasa pigia nyumbani uchukue tarehe za kuzaliwa na anwani za jamaa. Kaka muulize hayo na jina la mwajiri tu. Ya kambini usimuulize.