Mafunzo ya Koha kwa watu 40 ndani ya siku mbili

Ndugu, umeuliza kama watu 40 wa maktaba 12 zinazohamia Koha (programu ya kuendesha maktaba) wanaweza kufundishwa kwa siku mbili za mkutano: inawezekana, ila usiwaweke wote ukumbi mmoja. Wa kaunta wafundishwe kuazimisha, kurejesha na faini. Wakatalogi wakae na MARC, muundo wa kuandika rekodi za vitabu. Mafundi wa seva wapewe chumba chao. Watu 15 kwa mkufunzi mmoja na msaidizi mmoja wanatosha, kila mtu na kompyuta yake.

Kinachoharibu siku ni data. Wiki mbili kabla, kila maktaba ilete rekodi 200 zake halisi. Namba za barkodi zikipitia Excel hupoteza sifuri za mwanzo: 000452 inageuka 452, na ukiskani kitabu, Koha haikipati. Fanya safu hiyo iwe maandishi tangu mwanzo. Kwenye rekodi ya Koha barkodi hukaa sehemu ya 952$p, aina ya kitabu 952$y. Hizo mbili wazikague kwa macho, rekodi kwa rekodi.

Kanuni za uazimaji zipe saa mbili nzima. Hutegemea tawi, aina ya mwanachama na aina ya kitabu, na hapo ndipo watu hugombana (na wagombane, ni sera zao). Kuingia kwenye mfumo, dakika kumi basi.

Weka seva ya mazoezi kwenye kompyuta moja pale ukumbini, na rauta yako. Waifai ya hoteli usiitegemee.

Kuhamisha data halisi usifanye mkutanoni. Tafuta mtaalamu, na nakala rudufu iwepo kwanza.