Kabla hujashuka Kyela, zisikilize breki zako

Ajali ikitokea kwenye mteremko wowote huku kwetu, iwe Mlima Nyoka au Iwambi hapa Mbeya, au Kitonga kule Iringa, maelezo ya kwanza utakayosikia ni kwamba breki zilifeli ghafla. Za malori siwezi kuzisemea sana, zile ni za upepo na zina mambo yake. Kwa gari ndogo nakataa. Breki za Noah, IST au Probox huanza kulalamika wiki kadhaa kabla, wakati mwingine miezi. Shida ni kwamba ukiwa mjini, Kabwe hadi Mwanjelwa, unaendesha taratibu na unasimama mara kwa mara, kwa hiyo gari lenye breki mbovu linaonekana zima. Kinacholiumbua ni mlima.

Mimi naendesha Noah ya mizigo na abiria wa hapa na pale, Uyole kwenda Tukuyu, mara nyingi hadi Kyela. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ufukwe wa Ziwa Nyasa, kule Kyela, uko chini ya mita 500. Kabla ya kushuka unapanda kwanza hadi Isongole, na hapo ndipo watu wanajaza viazi. Maana yake gari linaanza mteremko likiwa zito kuliko lilivyotoka nyumbani. Hiyo ndiyo njia iliyonifundisha dalili nitakazozitaja.

Niliyoizoea zaidi ni mlio mwembamba wa filimbi unaosikika ukikanyaga breki. Pedi, zile zinazobana diski inayozunguka na gurudumu, nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi: pedi ikiisha, kibati kinagusa diski na kupiga kelele. Ila usikimbilie fundi kwa kila mlio. Gari likilala nje usiku wa mvua, na Rungwe mvua haina msimu wa kupumzika sana, asubuhi diski zinakuwa na kutu jepesi na zitakwaruza mara chache za kwanza, kisha kimya. Hilo ni la kawaida. Mlio unaoendelea hadi mchana ndio wa kushughulikia. Ukisikia chuma kinasaga chuma, hapo kibati kilishasema ukakipuuza. Pedi imebaki bati tupu, inakula diski, na gharama imehama kutoka pedi peke yake hadi pedi na diski.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 au zaidi kidogo wa ile sehemu inayosuguana. Ikifika milimita 3, badilisha. Unaweza kumulika na tochi ya simu kupitia matundu ya rimu, lakini hapo unaona pedi ya nje tu. Ya ndani inaweza kuwa imeisha kabisa wakati ya nje bado nene, hasa pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zikiwa zimekauka grisi na kugoma kuteleza. Kwa hiyo fundi anayekuambia "bado nzima hizi, kaka" bila kufungua tairi, mshukuru halafu utafute mwingine.

Mguu nao unajua mengi kuliko watu wanavyouamini. Pedali ikitetemeka ukikanyaga, au usukani ukicheza kwenye mteremko tu, diski haina unene sawa kote. Inapelekwa kuchongwa kwa fundi wa mashine, au inabadilishwa kama imeshakuwa nyembamba kupita kiwango kilichoandikwa kwenye diski yenyewe. Gari likivuta upande mmoja, mara nyingi kalipa ya upande mwingine imegoma na haifanyi kazi, au ya upande linakovutia imeng'ang'ania. Njia yangu ya kuitambua ni hii: nikifika chini ya mteremko nasimama pembeni na kupitisha kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Moja ikitoa joto kali kuliko mwenzake wa ekseli ile ile, fundi anaanzia hapo. Na tafadhali, usimwagie maji rimu zenye moto. Vijana wa kuosha magari wana haraka, lakini diski ya moto ikipata maji baridi inaweza kupinda au kupasuka.

Sasa pedali laini. Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, na ndiyo watu wanaiona ndogo.

Ukikanyaga pedali ikawa inabonyea kama sponji, ukalazimika kupampu ndipo gari lishike, kuna upepo ndani ya mfumo au mafuta ya breki yamechoka. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Daraja lake huandikwa kwenye kopo: DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Ukiwa mjini hutafika joto hilo. Ukishuka kutoka Tukuyu na gunia za viazi, mguu ukiwa juu ya breki kona baada ya kona, utafika. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kwenye mapovu badala ya kusukuma pistoni zinazobana pedi. Pedali inagusa sakafu. Dereva anasema breki zilifeli ghafla, ilhali mafuta yale yana miaka mitano hayajabadilishwa.

Mimi nabadilisha kila baada ya miaka miwili, yote, na fundi anatoa upepo gurudumu kwa gurudumu. Nunua kopo lililofungwa, siyo lile lililokaa wazi kwenye rafu ya gereji. Na yeyote anayetaka kukuongezea oili ya injini au ya haidroliki "ya kuvukia tu hadi nyumbani", mzuie hata kama ni shemeji yako. Mipira ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, na ya kalipa itavimba, na utalipia mfumo mzima.

Kuhusu kuongeza: kiwango kwenye kikopo cha mafuta ya breki kikishuka polepole, mara nyingi ni pedi zinaisha, pistoni zimesogea nje na mafuta yamezifuata. Angalia pedi kabla ya kujaza. Kikishuka haraka, kuna mahali panavuja. Tazama upande wa ndani wa matairi na chini ya gari, na usiondoke hadi pajulikane.

Kuna vipimo viwili ninavyofanya gari likiwa limesimama, havihitaji hata spana. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga breki na ushikilie kama nusu dakika. Pedali ikizama polepole wakati hakuna panapovuja, masta silinda inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Kisha zima injini, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, shikilia, washa. Inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, busta, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako, au hosi yake ina tatizo, na hiyo ndiyo sababu ya pedali kuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Hapo hapo utaelewa kwa nini kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli ni hatari: busta inategemea injini. Ukizima, unabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu.

Harufu ya kuungua nayo usiisingizie lori lililo mbele. Kama inakufuata hata baada ya kulipita, ni yako. Simama, acha zipoe zenyewe, na mkipoteza nusu saa mtanunua parachichi. Mara nyingi tatizo huwa ni namna ya kuendesha. Shuka na gia ambayo ungeitumia kupandia mlima huo huo. Gari la otomatiki lina 2 na L, au kitufe cha O/D cha kuzima gia ya juu. Havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, achia zipumue, badala ya kuzigandia mwanzo hadi mwisho. Kushuka frii, gia ikiwa imetolewa, sahau kabisa.

Handbreki ikipanda juu sana ndipo ishike, mara nyingi breki shuu za nyuma zinaisha au zinahitaji kukazwa. Ni kazi ndogo.

Kwenye spea, pedi za bei ya kutupa nimezikimbia. Nyingi ni ngumu, zinapiga kelele zikiwa mpya na zikipata joto zinateleza. Badilisha pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, kamwe siyo moja. Fundi akimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijatoka gereji, kwa sababu pistoni zimerudishwa ndani na kanyago la kwanza huwa halishiki kitu. Usipakie mzigo na kushuka nao siku hiyo hiyo. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 mara kadhaa, ukiacha nafasi zipoe katikati, ili pedi na diski zizoeane. Kesho yake asubuhi angalia tena kiwango cha mafuta, na ukaze nati za matairi yaliyofunguliwa.