Beki, Bao na Goti

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni mkufunzi wa timu ya wasichana hapa Kisauni. Juzi, tukiwa barazani baada ya Isha, mzee mmoja alisema kwamba Kombe la Dunia la wanawake liliwahi kuamuliwa na beki wa Ujerumani aliye Mwafrika. Mwenzangu alikataa katakata, wakawekeana kahawa na kashata. Tuamulie, tafadhali, na utueleze habari za beki huyo, kwani beki wangu wa kati, msichana wa miaka 17, amekatika kano ya goti na sasa hataki hata kutajiwa mpira.

JIBU: Wa alaikum salaam, kocha. Mzee wenu anamkusudia Nia Künzer, ambaye alizaliwa Mochudi, nchini Botswana, tarehe 18 Januari 1980, wazazi wake Wajerumani walipokuwa huko katika kazi za maendeleo. Jina lake la pili, Tsholofelo, ni la Kitswana, na maana yake ni tumaini.

Fainali yenyewe ilichezwa tarehe 12 Oktoba 2003 mjini Carson, California, dhidi ya Uswidi. Hanna Ljungberg aliwatanguliza Waswidi kabla ya mapumziko, Maren Meinert akasawazisha mara tu kipindi cha pili kilipoanza, na Künzer, aliyekuwa benchi muda wote huo, akaingizwa dakika ya 88. Dakika ya 98 Renate Lingor alipiga mpira wa adhabu (frikiki), Künzer akaruka na kuupiga mpira kwa kichwa hadi wavuni, na mchezo ukaishia papo hapo, kwa kuwa kanuni ya bao la dhahabu ilikuwa bado inatumika: aliyetangulia kufunga katika muda wa nyongeza hakungoja filimbi ya mwisho. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka uliofuata, kwa hivyo bao lile limebaki kuwa la mwisho la aina yake katika Kombe la Dunia, liwe la wanaume au la wanawake. Watazamaji wa televisheni nchini Ujerumani walilichagua kuwa bao la mwaka, heshima ambayo mwanamke hakuwahi kuipata kabla yake.

Hata hivyo, mimi hukereka kidogo anapotajwa kwa bao hilo peke yake. Aliichezea timu ya taifa mechi 34 tu, ilhali mwenzake Birgit Prinz alicheza 214, na sababu kubwa ya tofauti hiyo ni goti: kano ya msalaba ilimkatika mara nne. Kila mara alirudi uwanjani, na akaendelea na klabu yake ya FFC Frankfurt tangu 1997 hadi 2008, kipindi ambacho klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ulaya mara tatu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yake.

Kuhusu msichana wako, kano hiyo ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya ule wa paja, na wasichana huumia hapo zaidi kuliko wavulana. Kupona huchukua miezi mingi, mara nyingi tisa au zaidi, na uvimbe kuisha si dalili kwamba goti limekuwa tayari. Msimrudishe kwa sababu kuna mechi ya watani Jumamosi. Akiamua kutocheza tena, mpe filimbi au daftari la mazoezi akusaidie, maana Künzer naye, baada ya kustaafu, alichambua mechi kwenye televisheni, na tangu Januari 2024 ndiye mkurugenzi wa soka la wanawake katika shirikisho la Ujerumani.

Ama kahawa, mzee amepatia kuhusu bao na mahali pa kuzaliwa, lakini uraia na wazazi ni wa Ujerumani. Mwenzako alipe kahawa, na mzee atoe kashata.