Mauzo, masoko au uuzaji?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuna kiwanda kidogo cha sabuni hapa Morogoro na tunataka kutangaza nafasi mbili za kazi. Nimeandika "Afisa Mauzo" na "Afisa Masoko". Mwenzangu anasema hiyo ni kazi moja yenye majina mawili, tena masoko ni wingi wa soko tu, pale wanapouza nyanya. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Tangazo lako liko sawa, liache hivyo hivyo. Ila mwenzako asibezwe, maana neno "masoko" kweli linachanganya.

"Mauzo" halina taabu. Limetoka kwenye kitenzi -uza, na linataja kile kinachopatikana baada ya kuuza: katoni zilizotoka, fedha iliyoingia. Ndiyo maana mauzo hupanda, hushuka na kujumlishwa mwisho wa mwezi. Tendo lenyewe ni "uuzaji". Ukisema uuzaji wa sigara kwa watoto umekatazwa, umeeleweka. Ukianza na "mauzo ya sigara", msikilizaji anasubiri tarakimu. Ununuzi na manunuzi navyo ni vivyo hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ununuzi wa Umma, japo maofisini wengi wameng'ang'ania "manunuzi".

"Soko" lina habari ndefu zaidi. Tumelipata kwa Waarabu likiwa jina la mahali, na halina kitenzi chake; huwezi "kusoka" bidhaa. Kwa hiyo tukaliazimia vitenzi: kutafuta soko, kupata soko, kukosa soko. Hapo si mahali tena, ni watu wanaokitaka kitu na wenye uwezo wa kukilipia. Mkulima anayelalamika kwamba ufuta wake hauna soko huenda anaishi nyuma kabisa ya soko la kijiji. Maana hiyo ndiyo iliyomo katika vyama vya ushirika vya mazao na masoko, tunavyoviita AMCOS, na ndiyo iliyokuwamo katika jina la Wizara ya Ushirika na Masoko. Sidhani kama yupo aliyemtafuta waziri yule kwa ajili ya meza ya nyanya.

Mwambie mwenzako alinganishe kauli hizi mbili: "Sabuni yetu haijauzika" na "Sabuni yetu haina soko." Ya kwanza inamhusu Afisa Mauzo. Pengine hakufika madukani, au alichukua oda mzigo ukachelewa. Ya pili ni ya Afisa Masoko, na ni nzito zaidi: watu hawaitaki, au hawajui kama ipo, au kipande ni kikubwa mno kwa mtu anayenunua sabuni ya siku mbili tatu. Huyu wa masoko anaanza kazi kabla sabuni haijakatwa, akiulizia nani ataifulia nini na kwa shilingi ngapi. Wa mauzo anaipokea ikiwa tayari kwenye katoni, na anapimwa kwa fedha aliyorudi nayo. Mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili, viwanda vidogo vinafanya hivyo kila siku. Basi mwandikeni "Afisa Masoko na Mauzo", na mshahara nao ulijue hilo.

Mtandaoni utakutana na "uuzaji wa kidijitali" kwa maana ya masoko. Silipendi, kwa sababu mwenye kazi hiyo mara nyingi hauzi chochote. Anavuta macho ya watu. Wapo pia wanaosema "umasoko" kwa taaluma yenyewe. Wengine wanalicheka kwa kubandika u- juu ya ma-. Darasani nalikubali. Kwenye tangazo la kazi sikushauri, na "Afisa Utangazaji" usijaribu kabisa: utaletewa barua na watu wa redio.