Mteremko Usiofyekeka: Maswali Yenu Kuhusu Mireteni Itambaayo

SWALI: Mtaalamu wa bustani, pokea salamu zetu kutoka Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Mbele ya nyumba tuliyonunua kuna mteremko mkali unaoshuka hadi barabarani. Una urefu wa mita 12 na upana wa mita 4, unaelekea kusini na hupata jua kutwa. Mume wangu amechoka kusukuma mashine ya kukatia nyasi hapo, na siku moja nusura imwangukie. Jirani ametushauri tupande mireteni ile mifupi inayotambaa, ambayo hubaki na majani mwaka mzima, lakini kitaluni tumekuta aina nyingi zenye majina tusiyoyaelewa. Isitoshe, wakati wa baridi gari la kuondoa theluji hurundika theluji yenye chumvi juu ya mteremko huo huo. Je, mmea huu utastahimili? Tununue aina gani, na miche mingapi?
Msomaji, Lewiston

JIBU: Dada yangu, jirani yenu amewashauri vyema, na mume wako ana haki ya kuchoka. Mteremko unaoshuka zaidi ya mita 1 kwa kila mita 3 za mlalo haufai kukatwa nyasi kwa mashine ya kusukuma, na watu huumia kweli. Kuhusu mmea, mna bahati ya mahali mlipo, kwa kuwa mreteni utambaao, ambao jina lake la kisayansi ni Juniperus horizontalis, ni mwenyeji wa huko huko. Huota wenyewe kuanzia Alaska, kupitia Kanada, hadi kwenye miamba ya pwani ya Maine, mahali ambapo upepo wa bahari huupiga kwa chumvi na udongo ni haba. Baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri haiuui.

Kati ya aina mlizoziona, naomba mtafute mbili kwanza. Ya kwanza ni 'Wiltonii', ambayo vitalu vingi huiuza kwa jina la 'Blue Rug'. Ilipatikana mwaka 1914 katika kisiwa cha Vinalhaven, humo humo Maine, na mwenye kitalu mmoja wa Connecticut aliyeitwa Jacob van Heiningen. Kimo chake ni sentimita 10 hadi 15 tu, lakini mche mmoja hutanda hadi mita 2 au zaidi. Majani yake ni ya buluu yenye kung'aa kama fedha, na wakati wa baridi hugeuka kidogo kuwa ya zambarau. Ya pili ni 'Bar Harbor', inayotokana na mimea ya kisiwa cha Mount Desert, ambayo hufika sentimita 30 hivi na inasifika kwa kuvumilia chumvi. Msiuangalie sana ukubwa wa mche ulio ndani ya chungu, bali someni kwenye kibandiko kimo na upana wa mmea ukishakomaa. Katika rafu hiyo hiyo mtaikuta 'Pfitzeriana', ambayo ikiwa changa hufanana na nyingine, kisha baada ya miaka kadhaa hupanda juu ya mita moja na nusu na kuwazibia madirisha.

Hesabu ya miche si ngumu. Eneo lenu ni meta za mraba 48. Mkipanda kwa nafasi ya mita 1.5 kati ya mche na mche, kila mmoja huchukua meta za mraba 2.25, kwa hiyo mtahitaji miche 21 au 22, ipandwe kwa mistari inayopishana ili maji yasipate njia iliyonyooka ya kushukia. Kwa nafasi ya mita 1.2 mtahitaji miche 33. Mteremko utafunikwa mapema zaidi, lakini mtalipia miche ambayo baadaye itasongana na kupandiana. Mimi ningechagua nafasi kubwa na kuvumilia miaka mitatu hadi mitano ya kuona udongo. Mstari wa chini kabisa uwe mita moja kutoka ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu mreteni hauheshimu mipaka, na kila mtakapoukata ukingoni mtaacha pembeni vijiti vikavu vya kahawia visivyochipua tena.

Jambo ambalo wengi huliharakisha, na ambalo huwagharimu, ni kuondoa nyasi zilizopo. Msizing'oe. Mkizing'oa zote kwa mara moja, mvua ya kwanza itauteremsha udongo wote barabarani, maana mizizi ya nyasi hizo, hata ikiwa imekufa, ndiyo inayoushikilia. Mwezi Juni zikateni hadi chini kabisa, tandazeni maboksi ya karatasi ngumu yaliyobanduliwa utepe wote wa gundi, yabananishwe kwa vigingi vidogo, kisha mwageni juu yake matandazo ya magome ya miti yaliyochambuliwa nyuzinyuzi, unene wa sentimita 5 hadi 7. Magome ya nyuzinyuzi hushikamana mteremkoni, ilhali yale ya vipande vikubwa huporomoka kila mvua inaponyesha. Kufikia mapema Septemba nyasi zitakuwa zimekufa kwa kukosa mwanga, nanyi mtapanda kwa kutoboa matundu kwenye karatasi, huku udongo ukiwa bado na joto la kuotesha mizizi kabla haujaganda.

Wauzaji watawashawishi mnunue kile kitambaa cheusi cha plastiki cha kuzuia magugu. Naomba mkikatae. Matandazo huteleza juu yake, mbegu za magugu huota kwenye vumbi linalokusanyika juu, na kubwa kuliko yote, matawi ya mreteni huotesha mizizi pale yanapogusa udongo. Kitambaa huyazuia yasishike, na hivyo mnaikosa kazi ile ile mliyoununulia mmea. Karatasi huoza ndani ya msimu mmoja au miwili na kuyaachia matawi nafasi.

Shimo liwe pana mara mbili ya chungu lakini lisizidi kina chake, na udongo mnaoutoa uwekwe upande wa chini kwa umbo la nusu mwezi ili kuzuia maji, jambo ambalo yeyote aliyewahi kulima mlimani Kivu au Uluguru halihitaji kufundishwa. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu ichambuliwe kwa vidole au ikatwe, vinginevyo itaendelea kujizungusha humo humo kwa miaka. Mwaka wa kwanza mwagilieni kiasi cha sentimita 2.5 za maji kwa wiki pasipokuwa na mvua, na msiache hadi ardhi igande, kwa kuwa majani haya hupoteza maji kwa upepo wa Januari wakati mizizi haina pa kunywa. Ule wekundu wa kukauka mnaouona kwenye mireteni mingi mwezi Machi hutokana na kiu hiyo.

Chumvi ya barabarani mreteni huu huivumilia, ila theluji ikiyeyuka, mwagieni maji mengi sehemu ya chini ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Chunguzeni pia kama panya wa shambani wametafuna magome ya shina chini ya theluji. Hupenda sana kujificha humo, na ndiyo sababu matandazo hayapaswi kusogea karibu na shina. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa mbao, basi acheni angalau mita moja na nusu kati ya mireteni na ukuta: majani yake yana mafuta na utomvu mwingi, na yale makavu yaliyorundikana chini hushika moto upesi.

SWALI: Ninaishi Columbus, Ohio. Mireteni yangu itambaayo ina umri wa miaka sita, na tangu majira ya kuchipua ncha za matawi zinakauka na kugeuka kahawia. Kijana anayenihudumia bustani huikata juu kwa mashine kama anavyokata ua, na maji tunamwagilia jioni kwa kinyunyizio. Nipulizie dawa gani?
Msomaji, Columbus

JIBU: Bwana, kabla ya dawa chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi linalougua, ulipige tawi mara mbili tatu kwa mkono, kisha utazame karatasi kwa makini. Ukiona vidoa vidogo kuliko chembe ya pilipili manga vikitembea, una utitiri, ambao hufyonza majani na kuyapausha. Mkondo mkali wa maji kutoka bomba la bustani, ukielekezwa hadi ndani ya matawi kila baada ya siku chache, huupunguza sana. Utitiri unaosumbua mireteni mara nyingi hupenda ubaridi, kwa hiyo utafute hasa katika majira ya kuchipua na ya vuli.

Karatasi ikibaki safi, kata ncha moja na uitazame pale sehemu iliyokufa inapokutana na iliyo hai. Mkanda wa kijivu wenye vidoa vyeusi kama ncha ya sindano, katika machipukizi ya mwaka huu, ni dalili ya kuvu aitwaye Phomopsis, na kwa maelezo yako mimi namshuku huyo. Yeye hushambulia machipukizi mabichi tu, na anahitaji majani yakae na unyevu kwa saa nyingi. Kumwagilia jioni kunampa usiku mzima wa unyevu, na kukata juu kwa mashine kunauchochea mmea utoe machipukizi mengi laini, ambayo ndiyo chakula chake. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuyaacha mambo hayo mawili. Mwagilia asubuhi, chini, kwenye udongo. Mireteni ya miaka sita huenda haihitaji kumwagiliwa kabisa isipokuwa ukame ukizidi. Ncha zilizokufa zikatwe siku kavu, kwa mkasi unaopanguswa kwa spiriti kila baada ya mkato. Dawa ya kuvu hukinga machipukizi mapya lakini haifufui yaliyokufa, nayo hufaa kwa mwenye aina dhaifu kama 'Plumosa' ambaye hataki kuibadilisha.

Kijana wako mweleze kwamba mreteni haukatwi kama ua. Ukiuinua utaona kwamba chini ya zulia la kijani kuna matawi matupu, na hayo hayana macho ya kuchipua. Tawi lililozidi hufuatwa kwa mkono hadi linapoungana na jingine, likakatwa hapo, chini ya lile linalolifunika, hata mtu asijue kwamba pamekatwa.

SWALI: Nina ukingo wa udongo mwekundu juu ya njia ya gari hapa Limuru, na kila masika unameguka. Je, mireteni itambaayo itauzuia? Au nipande mtarakwa wetu wa asili?
Msomaji, Limuru

JIBU: Ndugu, mtarakwa ni jamaa wa karibu wa mireteni hii, na ndio pekee katika ukoo wao unaoota kiasili kusini mwa Ikweta, lakini ni mti mrefu wa nguzo na mbao, wala hautandi. Ubaridi wa Limuru na udongo wenu unaopitisha maji haviupingi mreteni utambaao. Ninachokipinga ni kuutegemea kwa ukingo unaomeguka sasa hivi, kwa kuwa unakua polepole mno kuokoa udongo wa masika yajayo. Anza kwa mfereji wa kukinga maji juu ya ukingo na mstari wa nyasi za veteva. Mireteni ifuate baada ya udongo kutulia.

Adui wako mkubwa atakuwa zile nyasi za Kikuyu, ambazo hupenyeza vikonyo vyao katikati ya zulia la mreteni, na zikishaingia hakuna namna ya kuzitoa bila kung'oa vyote viwili. Usipande hadi uhakikishe kwamba eneo limekaa msimu mzima bila kikonyo hata kimoja. Jambo la pili ni vidukari vya msaipresi, ambavyo vilionekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya kufikia mwaka 1990, vikakausha nyua nyingi. Huwashambulia mtarakwa na jamaa zake pia. Kama ua wa jirani ni wa misaipresi, funua matawi ya ndani ya mireteni yako mara kwa mara wakati wa kiangazi, utafute wadudu wa kahawia waliojipanga juu ya gome na utamu wao unaonata.

SWALI: Niko Kigamboni, Dar es Salaam, mita chache kutoka ufukweni. Nimeona picha za mireteni hii nikaipenda. Nitaipata wapi?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Dada, tunza fedha zako. Joto la Dar lisilopumzika pamoja na unyevunyevu wa hewa huozesha mizizi ya mimea hii, na mche utakaouziwa utakufa polepole ukidhani umekosea kumwagilia. Mchangani hapo mwenyeji ni mlakasa, ule utambaao wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika kama kwato za mbuzi. Hushika mchanga, haujali chumvi, na ukikata kipande chenye vifundo na kukifukia wakati wa masika, huota. Wedelia ya maua ya njano, ambayo wauza miche wengi watakupa badala yake, hutanda upesi kweli, ila ni miongoni mwa mimea vamizi mibaya zaidi duniani, na ikishatoka kwako itaingia kwa jirani bila hodi.