Jibu: Stevens alikuwa upande gani?
Mambo mkuu. Kwa hiyo kwenye noti zako za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani umekwama kwa sababu Stevens huyohuyo mara anapinga utumwa, mara ni makamu wa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Hao ni watu wawili bana, hata mimi walishanichanganya! Cheki spelingi kwanza: mwenye "v" ni Thaddeus Stevens, ndo mpinga utumwa, wakili wa Pennsylvania, kazaliwa 1792 akafa 1868 akiwa bado mbunge, akazikwa Lancaster kwenye makaburi yasiyobagua weusi, alitaka mwenyewe. Mwenye "ph" ni Alexander Stephens wa Georgia, naye wakili, ndo huyo makamu. Noti zako zigawe kwa jimbo sio kwa jina, maana 1849 hadi 1853 walikuwa wote Bungeni hapohapo Washington.