Mashine pepe na vaifai: usikeshe kama nilivyokesha

Kama kompyuta yako inatumia vaifai na unataka mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu) iliyo ndani yake ionekane na kompyuta nyingine za ofisini, acha hapohapo ulipofika, kanunue waya wa mtandao. Mimi ningeambiwa hivi mapema ningelala usiku ule.

Ilikuwa hivi, jamaa mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi pande za Majengo hapa Dodoma, alitaka programu ya stoo ikae sehemu moja halafu keshia wake wawili waifungue kwenye brauza. Hela ya seva hana, ana kompyuta ya mezani ya zamani, i5 yenye RAM ya 8GB, nikamwambia hamna shida bosi, humo naweka Ubuntu (mfumo wa Linux), ndani yake natengeneza mashine pepe ya kubeba programu, ikizingua nafuta nawasha nyingine na kompyuta yenyewe haiguswi.

Kuitengeneza siyo kazi kabisa. KVM, kitu kinachoiwezesha Linux kubeba mashine pepe, imo kwenye keneli (kiini cha Linux) tangu 2007, wewe unaongeza QEMU ya kuziendesha na libvirt ya kuzisimamia tu. Cheki kwanza kama faili ya /dev/kvm ipo, isipokuwepo ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka) ukawashe vt-x, uwezo wa prosesa kubeba mashine pepe (kwa AMD wanaita SVM), ukipuuza hilo mashine itawaka ila itatembea kama kobe.

Sasa mtandao. Ukiacha kila kitu kama kilivyo, libvirt inakupa mtandao wa ndani unaoitwa virbr0 na mashine pepe inapata IP (anwani ya mtandao) ya 192.168.122 kitu fulani kwa njia ya NAT, yaani inatoka nje kwa kujificha nyuma ya anwani ya kompyuta yenyewe. Nikajaribu kupakua masasisho, intaneti fresh kabisa, nikajiona fundi. Keshia akafungua brauza, hola. Kumbe NAT ni kama mpangaji wa chumba cha uani, yeye anatoka anaenda sokoni anarudi bila shida, ila mgeni akija kumuulizia getini hakuna anayemjua, anayejulikana ni mwenye nyumba. Kama unajifunza tu mwenyewe nyumbani, NAT inakutosha na usihangaike na kingine.

Mimi nilihitaji briji, yaani mashine pepe ipate IP yake moja kwa moja kwa ruta kama kompyuta nyingine yoyote. Na ile kompyuta ilikuwa inatumia vaifai ya kuchomeka kwenye USB. Nikakomaa hadi saa nane usiku, nabadilisha faili, nawasha, nazima, feni inapuliza vumbi la Dodoma usoni, ping haijibu. Sababu yenyewe ni fupi tu: ruta kwenye vaifai inapokea pakiti za MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) iliyojiunga nayo, ikiona MAC ya pili inatokea kwenye kadi ileile inazitupa. Hapo hata uwe mkali vipi wa netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) haikusaidii. Kesho yake nikavuta waya kutoka kwa ruta, nikapitisha juu ya dari, ikakubali.

Ila nako kuna mtego, na mtego huu ulinilipisha nauli ya boda. Ukishaichomeka enp3s0 (kadi ya waya) kwenye br0 (briji yenyewe), IP inakaa kwenye br0, siyo kwenye kadi tena. Mimi niliiacha kwenye kadi, na nilikuwa nafanya kwa ssh (kuiendesha kompyuta kwa mbali) nikiwa nyumbani Makulu, nikapiga netplan apply, skrini ikaganda, na dukani wakapiga simu kwamba mfumo umekata. Nikaenda na kibodi kwapani kama muuza mitumba. Briji kaitengeneze umekaa mbele ya mashine, skrini na kibodi vimechomekwa, hii ya kujifanya unaweza kwa mbali waachie wenye seva za maana.

Halafu umeme. Ukikatika na kurudi, mashine pepe haiwaki yenyewe mpaka uwe umeiambia `virsh autostart stoo` (virsh ni amri ya libvirt, stoo ni jina nililoipa yangu), na kule BIOS uiambie kompyuta iwake umeme ukirudi. Kama umebaki kwenye NAT ongeza `virsh net-autostart default`, la sivyo mtandao wenyewe unalala na mashine inagoma kuwaka.

IP ya mashine ifunge kwenye ruta kwa kutumia MAC yake, keshia asije akaamka anwani imehama. Na ukitaka kuinakili upate ya pili, mle ndani kwanza piga `truncate -s 0 /etc/machine-id` ndiyo uzime na unakili, kwa sababu Ubuntu inaombea IP kwa kitambulisho kinachotoka humo, MAC hata ziwe tofauti. Mimi sikujua, Jumamosi nzima nilikuwa na stoo mbili zinagombania IP moja, keshia mmoja anaona saruji imebaki mifuko arobaini, mwenzake anaona imeisha.